Somo: Ofisi ndogo ijiandae vipi kabla ya masika

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu. SACCOS yetu, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Ngamiani, Tanga, haikulowa hata tone, lakini tuliwarudisha wanachama mikono mitupu, maana salio zao zilikuwa mtandaoni tu. Mmoja alikuwa na mgonjwa hospitali ya Bombo. Sura yake sijaisahau.

Hatua ya 1. Kabla ya kuwaza jenereta, andikeni kazi zisizoweza kulala, na kila moja inavumilia kusimama kwa muda gani. Kwetu, kutoa fedha za dharura ni saa mbili. Mikopo mipya yaweza kungoja wiki. Hapa msiharakishe, kaeni hata jioni mbili. Mtabishana, na mbishane, kwa sababu mhasibu na karani wa mapokezi hawaoni hasara moja.

Hatua ya 2. Kila kazi ipewe njia ya pili. Sisi kila jioni tunachapa salio na kuzifungia kwenye kasiki, pamoja na kitabu cha stakabadhi chenye kaboni. Siku ya dharura mwanachama hulipwa hadi kiwango tulichokubaliana, kwa sahihi mbili.

Hatua ya 3. Nakala rudufu za kumbukumbu zenu ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja nje ya jengo. Flashi inayokaa droo moja na kompyuta itaungua nayo. Yetu inalala Muheza. Kila mwezi ifungueni muone kama inasomeka.

Hatua ya 4. Namba za simu ziwe kwenye karatasi, zimamoto 114 ikiwemo. Andikeni nani anaamua kufunga ofisi Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, na nani anashika nafasi yake akisafiri.

Hatua ya 5. Jumamosi moja kabla ya Machi, zimeni swichi kuu mfanye kazi saa nzima. Ndipo tulipogundua ufunguo wa kasiki anao mtu mmoja.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Sisi kina mama wa mwani hatuna kompyuta, tuna daftari tu.
– Marahaba mwanangu. Kila kikao kikiisha, pigeni picha kurasa za siku hiyo, mtumie wanachama wawili wanaokaa mitaa tofauti. Daftari lenyewe litieni kwenye mfuko wa plastiki, juu, mbali na sakafu.

Tuna bima ya moto, haitoshi?
– Someni mkataba kaka, muone kama mafuriko yamo. Halafu bima italipa kompyuta. Nani anadaiwa kiasi gani, haiwezi kuwaambia.