Kusoma Mwandiko wa Kale wa Kijerumani Unapofuatilia Nasaba: Mwongozo kwa Familia za Uganda

Familia nyingi za Uganda zinazofuatilia ukoo wao hufika, bila kutarajia, mbele ya karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka kwenye mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na kwa hiyo wenyeji wa Rakai na Isingiro wakajikuta na jamaa waliotawaliwa kutoka Bukoba. Bufumbira, ambayo leo ni Kisoro, Wajerumani waliidai kuwa sehemu ya Ruanda hadi makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910. Wanubi wa Bombo nao wana mababu waliotumikia chini ya Emin Pasha, gavana Mjerumani wa jimbo la Equatoria chini ya Misri, aliyezaliwa Oppeln mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, na askari wengine wa Kisudani waliandikishwa na ofisa wa Kijerumani Hermann Wissmann mjini Cairo mwaka 1889 kwa ajili ya vita vya pwani ya Tanganyika.

Kabla ya kujifunza herufi hata moja, hakikisha kwamba karatasi uliyo nayo ni ya Kijerumani kweli. Shajara za vituo vya Mapadre Weupe kwa kawaida ziliandikwa kwa Kifaransa, madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki kwa Kilatini, na barua za maakida na majumbe, yaani viongozi wa wenyeji chini ya Wajerumani, mara nyingi kwa Kiswahili, ama kwa herufi za Kiarabu ama za Kilatini. Kijerumani kilitumika zaidi katika barua za maofisa, ripoti za vituo, kesi za mahakama, mambo ya jeshi, na zile hati za kuwaachia huru watumwa zilizoitwa Freibrief. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel, waliofika Bukoba mwaka 1910, nao waliandika kwa Kijerumani.

Mwandiko wa nyaraka hizo huitwa Kurrent. Umeinama kulia, una ncha kali, na mtu anayeuona mara ya kwanza hudhani karani alikuwa akichora meno ya msumeno tu. Majedwali yanayopatikana kwa urahisi zaidi kwenye intaneti si ya Kurrent bali ya Sütterlin, mwandiko wa shule ulioundwa mwaka 1911 na Ludwig Sütterlin wa Berlin, ukaanza kufundishwa katika shule za Prussia mwaka 1915 na kufutwa mwaka 1941. Maofisa waliokaa Bukoba au Kigali kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamemaliza shule zamani kabla mwandiko huo haujabuniwa. Miandiko hii miwili ina undugu, lakini Sütterlin umesimama wima na umerahisishwa. Anayejifunza huo peke yake atafadhaika mara tu atakapofungua jalada la mwaka 1905. Tafuta jedwali la Kurrent la karne ya 19, ulichapishe, na uliweke mezani.

Sasa usianzie kwenye herufi ngumu. Anzia kwenye yale unayoyajua tayari, kwa sababu hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko Mjerumani wa leo. Makarani wa Kijerumani walikuwa na desturi ya kuandika majina ya kigeni ya watu na ya mahali kwa herufi za Kilatini, zilezile tunazotumia sisi, hata pale ambapo maneno yanayoyazunguka yako katika Kurrent. Pitisha macho ukurasa mzima na utaona majina hayo yakijitokeza: Bukoba, Karagwe, Mpororo, Tabora. Isitoshe, Kijerumani cha koloni kilijaa maneno yetu. Askari, Boma, Safari, Jumbe, Akida na Schauri ni maneno utakayokutana nayo mara kwa mara, na kila moja linakupa herufi kadhaa za uhakika za karani yule, hata pale alipoliandika kwa Kurrent.

Majina, hata hivyo, hayakuandikwa kama tunavyoyaandika sisi, bali kama sikio la Kijerumani lilivyoyasikia. Sauti yetu ya sh huandikwa sch, ch huwa tsch, j huwa dsch au dj, na y huwa j. Herufi s peke yake kati ya irabu husomwa kama z, ndiyo sababu Kiziba huonekana kama Kisiba na Unyamwezi kama Unjamwesi. Karani alipotaka s kavu aliiandika mara mbili, akapata Watussi. Sauti ya w baada ya konsonanti mara nyingi huwa u, kama katika Ruanda. Kabla ya kufungua majalada, keti na wazee, kusanya majina yote ya ukoo, ya kilima na ya mtemi au mkama aliyetawala, kisha andika kila jina kwa namna zote ambazo Mjerumani angeweza kuliandika. Kazi hii huokoa muda mwingi kuliko kitu kingine chochote nilichotaja hapa.

Baada ya hapo ndipo herufi zinapokuja, na shida kubwa iko katika zile fupi. Herufi e ya Kurrent haifanani kabisa na e yetu: ni vistari viwili vifupi vilivyobanana, na mgeni huisoma kama n. Herufi n nayo ni vistari viwili, ila vimeachana zaidi. Herufi u ni sawasawa na n, na kinachoitofautisha ni upinde mdogo uliowekwa juu yake. Herufi m ina vistari vitatu. I ina kimoja chenye nukta. Na c hufanana na i isiyo na nukta, ingawa mara nyingi utaikuta ndani ya ch, ck au sch. Neno nennen, lenye maana ya kutaja jina, kwa hiyo ni mfululizo wa ncha tupu, na njia pekee ya kulisoma ni kuhesabu vistari na kupima nafasi kati yao. Angalia pia kilicho juu ya mstari: upinde ni u, alama mbili ndogo ni ä, ö au ü, na kistari kilichonyooka juu ya m au n humaanisha kwamba herufi hiyo inasomwa mara mbili.

Herufi ndefu ni rahisi zaidi ukizizoea. Kuna s mbili: ile ndefu ya mwanzoni na katikati, inayoshuka chini ya mstari kama fimbo, na ile fupi iliyojiviringa, inayokaa mwishoni mwa neno. Herufi f hufanana na s ndefu lakini ina kitanzi au mkato katikati. Herufi h ina kitanzi juu na kingine chini, na d hupinda kichwa chake kuelekea kushoto. Kuhusu herufi kubwa, kumbuka tu kwamba kila nomino ya Kijerumani huanza na herufi kubwa, hivyo utaziona nyingi. B, L na C huchanganya watu, na ni muktadha utakaoamua.

Usijifunze kwa macho peke yake. Nunua kalamu ya nibu au tumia penseli iliyochongwa, piga mistari, na uandike kwa Kurrent jina lako, majina ya miezi, majina ya mababu zako na maneno kama Vater, baba, Mutter, mama, Sohn, mwana wa kiume, Tochter, binti, geboren, amezaliwa, gestorben, amefariki, Dorf, kijiji, Träger, mpagazi, Lohn, ujira. Mkono ukishajua kistari kinaanzia wapi na kinaishia wapi, jicho huacha kubahatisha. Nusu saa kila jioni yatosha.

Tarehe na tarakimu zina mitego yake. Tarakimu 1 ya Kijerumani ina mkia mrefu unaopanda, na hudhaniwa kuwa 7. Katika nyaraka za zamani zaidi utakuta 7ber, nayo si Julai bali Septemba. 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, na Xber Desemba. Ukiona Rp., hiyo ni rupia, iliyogawanywa katika sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa hadi mageuzi ya mwaka 1904, na baada ya hapo katika heller 100. Tahajia ya kabla ya mkutano wa mwaka 1901 uliosanifisha tahajia ya Kijerumani huwa na th ambapo kamusi ya leo ina t, kwa mfano Theil na Thal, kwa hiyo usipolikuta neno katika kamusi, ondoa h na utafute tena.

Unaponakili, nakili mstari kwa mstari kama ulivyo, pamoja na makosa ya karani, na usitafsiri chochote mpaka ukurasa umalizike. Herufi usiyo na hakika nayo ifungie katika mabano ya mraba yenye alama ya kuuliza. Tengeneza pia alfabeti ya kila karani kwenye karatasi ya pembeni, ukichora herufi zake kutoka katika maneno uliyokwisha kuyathibitisha, kwa maana hakuna makarani wawili wenye mwandiko mmoja. Jihadhari zaidi na jina la babu yako: mtu anayelitamani jina hulisoma hata pasipokuwa nalo, na dawa yake ni kumpa ndugu au jirani asiyejua unachokitafuta alinganishe herufi na jedwali.

Programu ya Transkribus, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, inaweza kusoma Kurrent kutoka kwenye picha. Kwa barua iliyoandikwa vizuri husaidia sana. Kwa majina ya Kiafrika huteleza, kwa kuwa imezoea maneno ya Kijerumani, na hayo majina ndiyo unayoyahitaji. Itumie kama rasimu ya kwanza, kisha rudi kwenye picha yenyewe.

Kuhusu mahali pa kutafuta, majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki Afrika Mashariki yamo katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, Dar es Salaam, na yaliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Majalada ya wizara ya makoloni yako katika Bundesarchiv, yaani Nyaraka za Taifa za Ujerumani, Berlin, chini ya alama R 1001, na mengi yake yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Kila unapohifadhi picha, ipe jina lenye alama ya jalada na namba ya karatasi, ambayo Wajerumani huiita Blatt na kuifupisha Bl., na uonyeshe kama ni upande wa mbele au wa nyuma, kwa sababu kwa kawaida namba hutolewa kwa karatasi nzima na si kwa kila ukurasa.