Kabla hujaagiza miwani mtandaoni, hakikisha una namba hii

Naandika haya nimevaa miwani ya zamani, ile nyeusi iliyochubuka pembeni. Ile mpya, yenye fremu kubwa ya rangi ya gamba la kobe, iliyosifiwa na ofisi nzima siku ya kwanza, imelala kwenye droo. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Kwanza kapime macho. Usiagize kwa karatasi ya miaka mitatu iliyopita, wala kwa namba za dada yako eti mnaona sawasawa. Kama una kisukari na sukari inapanda na kushuka, subiri itulie, maana sukari hubadilisha namba za macho ndani ya wiki chache. Na kama jicho ni jekundu, linawasha, au kope inachoma mboni, usifikirie miwani kabisa, nenda hospitali. Kanda yetu hii ya Dodoma vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaogeuza kope zikaingia ndani, si hadithi. Wilaya ya Kongwa wamefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo miaka na miaka. Hakuna lenzi inayong'oa kope.

Karatasi ukiishaipata, isome kabla ya kubonyeza chochote. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Alama ya kutoa na ya kujumlisha mbele ya namba, yaani nguvu ya lenzi, si mapambo: mwenye -2.00 akijaza +2.00 amenunua kitu cha kupigia picha. Kukiwa na namba kwenye CYL, nguvu ya ziada kwa jicho lisilo duara sawasawa, lazima AXIS nayo iwepo, yaani pembe ya kuielekeza nguvu hiyo, kati ya 1 na 180. CYL ikiwa tupu, iache tupu, usibuni.

Fremu usiichague kwa uso wa yule mrembo wa kwenye tangazo. Yeye ana pua yake. Chukua miwani yako inayokukaa vizuri, tazama upande wa ndani wa mkono wake. Utakuta kitu kama 52-18-140. Hizo ni milimita: upana wa lenzi moja, nafasi ya pua katikati, na urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Tafuta fremu yenye namba zinazokaribiana na hizo. Wengi wetu pua ni pana na haziinuki sana juu, kwa hiyo fremu ya plastiki iliyochongwa kwa pua nyembamba itateleza, na kwa joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja utashinda unaisukuma kwa kidole kama mwalimu mkuu. Chukua yenye vile vipedi vya silikoni vinavyopindika. Na kama namba yako imepita -4.00, achana na fremu kubwa, au ulipie lenzi nyembamba zilizoandikwa 1.61 au 1.67, namba ya jinsi lenzi inavyopinda mwanga. Bila hivyo kingo zitakuwa nene kama kitako cha chupa ya soda.

Sasa njoo kwenye kilichonitoa machozi. Kinaitwa PD, umbali kati ya mboni na mboni, kwa milimita. Kwenye karatasi yangu hakikuandikwa, nami sikuuliza. Fomu ya muuzaji ilikuwa na kisanduku cha PD, na chini yake maneno kwamba usipojua, wataweka 64, ya watu wengi. Nikasema nami ni watu wengi. Nikalipa.

Miwani ikafika mwezi wa sita, tunafunga mwaka wa fedha. Natoka nyumbani alfajiri kupanda basi la wafanyakazi kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, jioni narudi kichwa kinagonga kama kinu. Safu za tarakimu kwenye kompyuta zinaachana na kurudiana. Siku moja kushuka ngazi ya basi nilikosea hatua, nikamshika mzee wa watu begani, akaniambia, "Pole mwanangu, umelala?" Nikaziba jicho moja nipime: naona safi. Nikaziba la pili: safi vilevile. Hapo ndipo nilipodanganyika, nikajua namba ni sahihi, tatizo ni ugeni. Kila mtu akaniambia utaizoea. Tena mwenzangu wa meza ya pili alinunua kwa muuzaji yuleyule, kwa 64 ileile, na yeye hana shida hata kidogo. Nikavumilia wiki tatu na paketi mbili za panado.

Mwishowe nikaenda kwa kijana mmoja mpima macho mjini. Hakunigusa jicho. Aliichukua miwani, akaiweka kwenye mashine, akatia nukta ya wino katikati ya nguvu ya kila lenzi, akanirudishia. "Dada, vaa, jitazame kwenye kioo." Nukta zote mbili zilikuwa nje ya mboni zangu, upande wa masikio, kama macho ya samaki. Akanipima: 57. Milimita saba! Kila lenzi imehama tatu na nusu.

Akanieleza. Lenzi ya kutoa, yenye alama ya -, ukiitazamia pembeni ya kitovu chake inapinda mwanga kama prizimu, kile kipande cha kioo chenye pembe, na ya kwangu ilikuwa inayavuta macho yaende nje, kila moja upande wake, ili picha mbili ziungane. Macho ni hodari wa kusogea ndani, kwenda nje hayana nguvu hiyo. Ndiyo maana moja moja yaliona vizuri, yakiwa pamoja yanagombana. Na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kosa linavyouma: mimi ni -4.50, mwenzangu ni -0.75. Yeye angeweza kuvaa hata 68 asijue.

Kwa hiyo siku ya kupima, usinyanyuke kwenye kiti kabla PD haijaandikwa. Omba, na wakisita omba tena. Ikishindikana kabisa, mtu akupimie kwa rula ya shule yenye milimita, huku ukitazama mbali, arudie mara tatu. Usijipimie mwenyewe kwa picha ya simu.

Mengine ni haraka haraka. Lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja usiagize mtandaoni, zinahitaji kupimwa urefu ukiwa umevaa fremu yenyewe. Lenzi za kuzuia mwanga wa bluu usizilipie zaidi. Uhakiki wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, haukuona kama zinapunguza uchovu wa kompyuta kwa muda mfupi. Uliza kabla ya kulipa kama wanarudisha pesa, maana lenzi iliyokatwa kwa macho yako hakuna mwingine atakayeinunua. Fungua kifurushi huku unarekodi. Usiendeshe gari usiku siku ya kwanza. Miwani ya zamani usimpe mtu kabla ya mwezi kupita. Na vumbi la hapa kwetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo osha lenzi kwa maji kwanza, usiifute kavu kwa upindo wa khanga.