Jinsi ya Kuutazama Ushambuliaji Uliokwama: Mwongozo kwa Shabiki wa Iowa

Shabiki wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa ana haki ya kukasirika, lakini hasira yake itakuwa na maana akijua hasa kilichoharibika, kwa sababu matokeo ya mwisho huficha mengi. Msimu wa 2023 Hawkeyes, kama timu hiyo inavyoitwa, walishinda michezo 10 huku wakifunga wastani wa pointi 15.4 tu kwa mchezo, na kwa yadi walizosonga mbele wakashika mkia katika daraja la juu la vyuo. Kisha wakafungwa 26–0 na Michigan katika fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo wanamocheza, na 35–0 na Tennessee katika Citrus Bowl, mchezo wa baada ya msimu wa kawaida, tarehe 1 Januari 2024. Nawaandikia wasomaji wa Kiswahili, wakiwemo watu wengi wenye asili ya Kongo wanaoishi Iowa City na miji jirani, ambao baadhi yao wameujua mchezo huu ukubwani.

Anza kwa kutenganisha pointi. Kila zinapoingia, andika walioziingiza: washambuliaji, walinzi au kikosi maalumu cha kupiga na kurudisha mipira. Tarehe 3 Septemba 2022 Iowa iliifunga South Dakota State 7–3 bila tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani, hata moja. Pointi 3 zilitokana na mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo. 4 zilizobaki zililetwa na walinzi, ambao mara mbili walimwangusha mpinzani mwenye mpira ndani ya eneo lake la mwisho, jambo linalotoa pointi 2 kila linapotokea. Anayesoma matokeo peke yake ataona ushindi, ilhali washambuliaji wa Iowa hawakuvuka mstari hata mara moja siku hiyo.

Viongozi wenyewe hawakuutenganisha mzigo huo. Mwezi Februari 2023 mkataba wa Brian Ferentz, kocha wa ushambuliaji na mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz, ulirekebishwa ukamtaka afikishe wastani wa pointi 25 kwa mchezo pamoja na ushindi wa mara 7, na pointi za walinzi zikahesabiwa humo. Naona kipimo hicho kilikuwa kibovu tangu kilipoandikwa, kwa kuwa kilimpa kocha sifa ya kazi ya watu asiowafundisha; na hata kwa msaada huo hakikufikiwa.

Baada ya hapo, tazama jaribio la kwanza. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na jaribio la kwanza likileta yadi 1 au 2 tu, la tatu huwa refu, walinzi hujua kwamba pasi inakuja, na kwotabeki, mchezaji anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi, hulazimika kurusha huku akikimbizwa. Watu wengi humlaumu kwotabeki kwa pasi iliyopotea bila kukumbuka kwamba tatizo lilianza majaribio mawili nyuma. Kwa hiyo, mpira unapoanzishwa, jizuie kuufuata kwa macho na badala yake watazame wanaume watano wa safu ya mbele. Wakirudishwa nyuma kabla mkimbiaji hajapokea mpira, hakuna mpango wa kocha utakaofaulu. Wakisimama imara na bado hakuna mpokeaji aliye huru, kasoro iko katika mpango au kwa wapokeaji.

Kagua pia majeruhi, kwa uaminifu. Mwaka 2023 Iowa ilimpoteza kwotabeki Cade McNamara pamoja na wapokeaji Luke Lachey na Erick All kabla ya katikati ya Oktoba, na hilo ni pigo kwa timu yoyote. Hata hivyo, ushambuliaji ulikuwa karibu na mkia msimu wa 2022 pia, kwa hiyo majeraha yanaeleza sehemu tu.

Usimsahau mpigaji. Tory Taylor, kijana wa Australia, alipiga panti, yaani mipira ya mguu ya kuwakabidhi wapinzani wakiwa mbali, za jumla ya yadi 4,479 mwaka 2023, rekodi ya msimu mmoja katika NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Alikuwa hodari kweli, nami nilimshangilia. Lakini timu hupiga panti pale ushambuliaji unaposhindwa, na hodari wa aina hiyo huwasukuma wapinzani mbali kiasi cha kuufanya udhaifu uvumilike.

Ukishapata ushahidi wako, upeleke kwa idara ya michezo na usiwatukane wachezaji, ambao ni wanafunzi. Uamuzi wa kutoendelea na Brian Ferentz ulitangazwa tarehe 30 Oktoba 2023 na Beth Goetz, kaimu mkurugenzi wa michezo, timu ikiwa bado na michezo minne ya msimu wa kawaida.

Kocha mpya anapokuja, endelea na hesabu ileile, ila tenganisha mbio na pasi. Mwaka 2024, chini ya kocha mpya wa ushambuliaji Tim Lester, Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537 na timu ikavuka wastani wa pointi 25, ingawa ushindi ulishuka hadi michezo 8 na pasi zikabaki dhaifu. Yadi za pasi katika jaribio la kwanza, mchezo baada ya mchezo, ndizo zitakazokuonyesha kama udhaifu huo unatibiwa.