Washa feni kabla ya kuvaa miwani ya uhalisia pepe

Kama michezo ya miwani ya uhalisia pepe (VR, ile inayoziba macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta) inakutia kichefuchefu, weka feni ndogo sakafuni ikupulizie kutoka upande mmoja tu, kisha ndiyo uvae. Nimeijua hii juzi, baada ya kugonga ukuta mara mbili. Kinachochafua tumbo ni ubishi wa viungo: macho yanasema unakimbia, sikio la ndani linasema umesimama. Upepo hupoza jasho, hupunguza ukungu kwenye lenzi, na ngozi ya uso inajua muda wote mbele ya chumba ni wapi, hivyo huzunguki ukapotea. (Iweke mbali na mikono yako, la sivyo utaipiga ngumi.) Haisaidii mchezo wenyewe ukiwa unakwamakwama, au ukikusogeza mfululizo kwa kijiti cha mkononi, hapo badilisha mipangilio ili ndani ya mchezo uhamishwe ghafla toka sehemu hadi sehemu. Wala haisaidii lenzi zisipolingana na umbali kati ya mboni zako, ambao wastani wake kwa watu wazima ni takriban milimita 63. Mate yakianza kujaa mdomoni, vua papo hapo. Ukijikaza, hali huzidi.