Kuriseti GMAT: nilivyotoka 555 hadi 625, na majibu ya maswali yenu

Wakuu, kwa tuliopitia kidato cha nne Tanzania, kuriseti, yaani kurudia mtihani, ni neno la kunong'onezwa. Anayeriseti anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, anatafuta kituo mbali na mtaani kwao, na shangazi akimuulizia anaambiwa yuko kwenye kozi. Nadhani ndiyo maana nilikaa miezi minne na 555 yangu ya GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, bila kumwambia mtu hata ofisini.

Sasa, GMAT haina aibu hiyo. Wenye mtihani wanajua watu watarudi na wameweka utaratibu kabisa: unaruhusiwa mara 5 ndani ya miezi 12, na kati ya jaribio moja na jingine zipite siku 16. Shule unayoomba inaona alama uliyoamua kuituma, basi. Ile ya kwanza hawaijui mpaka uwaambie mwenyewe.

Somo hili ni la mtu aliyekwisha kufanya mara moja na hakupenda alichokiona kwenye skrini. Kama hujafanya hata mara moja, mengine yatakupita.

Hatua ya 1: Usilipie tarehe leo

Jioni ile ile ya matokeo mkono unawasha. Unataka kulipia tena, siku 16 zikiisha tu urudi ulingoni. Vumilia. Siku 16 ni sharti la kuruhusiwa kurudi, hazina uhusiano na kuwa tayari. Ada inazidi dola 250, kwa shilingi zetu ni zaidi ya laki sita, na mabadiliko ya tarehe yanalipiwa pia, yakizidi kuwa ghali kadiri siku inavyokaribia.

Kwanza angalia shule unazozitaka. Nyingi zinatangaza alama za wanafunzi wao waliopita. Ukikuta umo ndani ya kundi lao, pengine muda wako unahitajika zaidi kwenye insha za maombi na kutafuta wadhamini wa kukuandikia barua kuliko kwenye mtihani. Mimi sikuwamo, nilikuwa chini kwa mbali.

Hatua ya 2: Fungua ripoti, usikae na hadithi yako

Hapa ndipo nilipopoteza miezi minne, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilifanyia nyumbani, kwa mtandao, chumbani Tabata. Mtihani una sehemu tatu: Hesabu, Lugha (Kiingereza) na Data, yaani kusoma majedwali na chati na kupima taarifa. Yangu ya mwisho ilikuwa Data. Nikiwa swali la nane umeme ukakatika. Laptopu ilikuwa na chaji lakini ruta ikazima. Mtandao ulirudi, mtihani ukaendelea, akili haikurudi. Tangu siku hiyo hadithi yangu ikawa moja: "Umeme ndio ulioniangusha." Niliisimulia mpaka nikaiamini.

Nilipoifungua ripoti kwa utulivu nikakuta hivi: Hesabu 78, Lugha 80, Data 75. Ripoti rasmi ya GMAT ya sasa inakuonyesha pia ulivyofanya kwa aina ya maswali na muda ulioutumia. Kumbe tangu mwanzo wa Data nilikuwa nikitafuna dakika tatu hadi nne kwa swali. Umeme ulinikuta nimeshachelewa.

Sasa hesabu ambayo wengi hatuifanyi. Kila sehemu inakwenda kutoka 60 hadi 90, na zote tatu zina uzito sawa. Jumla inakwenda kutoka 205 hadi 805. Ukipiga hesabu, pointi moja ya sehemu yoyote inakuletea karibu alama 7 kwenye jumla. Kwa hiyo pointi sita za Data zina thamani sawasawa na pointi sita za Hesabu. Sisi watoto wa "sayansi ndiyo akili" tunakimbilia Hesabu hata kama tatizo liko kwingine. Mimi nilikuwa nimenunua kitabu cha mtumba barabarani, cha toleo la zamani, nikala wiki tatu na pembetatu na maduara. Jometria iliondolewa toleo jipya lilipoingia Novemba 2023! Kusahihisha sentensi nako kuliondoka, na insha pia. Angalieni mwaka wa kitabu kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 3: Chagua kidonda kimoja

Changu kilikuwa maswali ya utoshelevu wa data, yale yasiyokuuliza jibu ni ngapi, yanakuuliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata jibu. Nitunge mfano:

Mama Ntilie anauza andazi kwa shilingi 300 na chapati kwa shilingi 700, na hauzi nusu. Asubuhi hii aliuza chapati ngapi?
(1) Mauzo yote yalikuwa shilingi 2,300.
(2) Maandazi na chapati alizouza jumla yake ni 5.

Mtu aliyefundishwa hesabu vizuri anasema: vitu viwili sivijui, kwa hiyo nahitaji milinganyo miwili, taarifa zote mbili kwa pamoja. Anaweka jibu, anasonga mbele akitabasamu. Amekosa. Chukua taarifa ya (1) peke yake na ujaribu: chapati 0 inabaki 2,300, haigawanyiki kwa 300. Chapati 1 inabaki 1,600, haigawanyiki. Chapati 2 inabaki 900, maandazi matatu, imekubali. Chapati 3 inabaki 200, hapana. Jibu ni moja tu, chapati 2. Taarifa ya (1) inatosha yenyewe. Ya (2) peke yake haitoshi, kwa sababu vitu 5 vinaweza kugawanyika kwa namna nyingi.

Kilichomwangusha ni kale kaneno "hauzi nusu". Nilifanya maswali ya namna hii kumi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, wiki tano. Kabla ya kukokotoa chochote najiuliza: idadi lazima iwe nzima? Inaweza kuwa hasi? Inaweza kuwa sifuri? Wiki ya tatu macho yakaanza kuona yenyewe.

Hatua ya 4: Daftari la makosa

Kila mtu atakuambia uwe nalo. Wengi tunaandika vibaya. Ukurasa wangu wa kwanza umejaa "sikuwa makini", "haraka". Hilo ni kama kuandika "mvua" kwenye kila ukurasa wa shajara. Baadaye nikawa naandika hivi: "Nimedhani x ni namba nzima, hawakusema." "Jedwali lilikuwa kwa maelfu, nimesoma kama lilivyo." "Nilijua sijui dakika ya kwanza, nikang'ang'ania dakika tatu zaidi." Hilo la mwisho nililikuta mara kumi na moja. Ndipo nikajua ugonjwa wangu ni kung'ang'ania.

Hatua ya 5: Saa

Kila sehemu ni dakika 45. Hesabu maswali 21, Lugha 23, Data 20. Kwa Data nilijiwekea vituo kama vya daladala: nikimaliza swali la 5 zibaki dakika 34, la 10 zibaki 22, la 15 zibaki 11. Nikifika kituoni nimechelewa, swali linalofuata lenye sura mbaya nalichagulia jibu na kuondoka. Msiache maswali wazi mwishoni, kutomaliza sehemu kunakukata alama.

Siku hizi unaruhusiwa kuweka alama kwenye swali, ukimaliza sehemu na muda ukabaki unarudi, lakini utabadilisha majibu 3 tu kwa kila sehemu. Mimi nilibadilisha moja. Kikokotoo (si kile cha pensheni, tulieni) kipo kwenye Data peke yake. Kwenye Hesabu ni kichwa na kalamu.

Hatua ya 6: Mitihani ya mazoezi

Ile rasmi miwili ya bure, ya tovuti ya wenye mtihani, itunzeni kama mbegu. Mmoja fanya katikati ya maandalizi, mwingine kama siku kumi kabla ya tarehe, saa ile ile utakayofanyia mtihani, na mapumziko yawe yale yale ya dakika 10. Ukirudia mtihani uliokwisha kuufanya na ukakumbuka maswali, alama utakayopata ni ya kukufurahisha tu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mara ya pili nilikwenda kituoni, Nairobi, kwa sababu tarehe niliyoitaka ilipatikana huko. Basi la usiku sikulithubutu, nilifika siku moja kabla. Pasipoti mkononi, jina lifanane herufi kwa herufi na ulilojisajilia. Unaruhusiwa kuchagua mpangilio wa sehemu tatu, na nilianza na Data akili ikiwa mbichi. Hesabu 80, Lugha 82, Data 81. Jumla 625.

MASWALI YA WANACHAMA

Bint Pwani: Kaka, ahsante kwa somo. Mimi naogopa Lugha, Kiingereza changu cha kuombea maji. Nianzie sarufi?

Dada, sarufi haiulizwi tena. Kuna ufahamu na kuna hoja: mtu anadai jambo, wewe unatafuta anachokichukulia kuwa kweli bila kukisema. Hilo tunalifanya vibarazani kila siku. Soma hoja, ifunike, iseme kwa Kiswahili kwa sentensi moja: "Anasema mauzo yameshuka kwa sababu ya bei." Kisha jiulize kuna sababu gani nyingine. Ukishindwa kuisema kwa Kiswahili, hujaielewa kwa Kiingereza.

Mkuki: Mkuu, bro wangu alipata 700 mwaka 2019, mimi nimepata 645 mwaka huu. Ananicheka kila Jumapili mezani. Kanizidi kweli?

Mwambie mizani zilibadilishwa. Alama za zamani ziliishia na 0, za sasa zote zinaishia na 5, hivyo ndivyo unavyozitofautisha. 645 ya sasa iko karibu sawa na 700 ya zamani ukilinganisha nafasi kati ya watahiniwa. Halafu alama inaishi miaka 5. Yake imeshakufa, yako iko hai. Mpe hiyo Jumapili ijayo.

Fundi Saa: Nimefanya mara tatu: 565, 575, 565. Nifanye ya nne?

Ndugu, ukirudi na maandalizi yale yale mtihani utakupa alama ile ile. Swali langu kwako: kati ya ya pili na ya tatu ulibadilisha nini? Kama jibu ni "niliongeza masaa", usilipie. Linganisha ripoti zote tatu. Sehemu iliyobaki palepale mara zote ndiyo ya kufanyia kazi.

Mama Wawili: Nina watoto wadogo na kazi. Nyumbani au kituoni?

Dada yangu, kituoni, kama kipo ndani ya uwezo wako. Ukiwa nyumbani msimamizi anakuona kwa kamera na hatakiwi mtu mwingine kuingia chumbani. Mtoto wa miaka mitatu hajui hilo, anataka maji. Kama ni lazima iwe nyumbani, watoto wapelekwe kwa bibi, ruta iwe na betri yake, na ufanye mazoezi ya kutumia ubao mweupe wiki nzima, maana karatasi hairuhusiwi.

Kijana wa Kisumu: Na GRE je, ule mtihani mwingine wa kuombea shahada za juu? Nimeambiwa ni rahisi.

Shule nyingi za biashara zinapokea zote mbili. Msamiati wa GRE ni mgumu zaidi, jometria ipo, kikokotoo kipo kwenye hesabu zote. Kurudia ni baada ya siku 21, na mara 5 kwa miezi 12 vilevile. Fanya mtihani mmoja wa mazoezi wa kila upande kabla ya kuhama. Kuhama kwa sababu umechoka na GMAT ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu ya vyombo vichafu.

Bint Pwani: Swali la mwisho kaka. Maombi yanafungwa mwanzoni mwa Januari, na leo ni Novemba 20. Nina 595, nataka 635. Niriseti?

Alama 40 ni kama pointi 6 za sehemu. Kama ripoti inaonyesha sehemu moja imelala sana, wiki nne zinaweza kutosha. Weka mtihani kabla ya Desemba 20, kwa sababu alama rasmi huchukua siku kadhaa kutoka na vituo hufunga sikukuu. Kama pointi hizo inabidi uziokote mbili mbili kila sehemu huku insha hujaanza, tuma 595 yako na uandike insha. Nitumie alama zako tatu tuziangalie kabla hujalipa.