Picha ya marehemu itajaza jalada la A4? Piga hesabu kwanza

Kazi zinazoingia mbio kuliko zote pale ninapochapa, Kariakoo, ni za msiba. Mazishi kesho saa saba, ratiba zinatakiwa leo jioni, na picha ya marehemu ya kuweka kwenye jalada la ratiba imetumwa kwa WhatsApp baada ya kupita simu za ndugu wanne. Kwenye simu inang'aa. Ikishakaa kwenye karatasi, macho yanaingia ukungu na ukingo wa mtandio unakatika ngazi ngazi. Hayo unaweza kuyajua kabla hujalipa hata mia.

Cha kuangalia ni pikseli, vile vinukta vinavyounda picha. MB hazikwambii kitu, na anayekuapia kwamba "hii ni HD" msamehe bure. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, halafu Details. Kwenye simu fungua picha uivute juu, au gusa alama ya i. Utakuta kitu kama 1600 x 1200.

Gawanya kwa 300, kwa sababu chapa ya kushikwa mkononi inataka pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Hapo unapata inchi 5 na kidogo kwa inchi 4, yaani sentimita 13.5 kwa 10 hivi. Hicho ndicho kipimo chake halali. A4 nzima inadai pikseli 2480 kwa 3508, kwa hiyo ukiitanua picha hii ijaze jalada unabaki na chini ya 140 kwa inchi. Mimi 200 naipitisha bila maneno, 150 kwa shingo upande. Chini ya hapo namshauri mteja tuipunguze na kuizungushia fremu.

Mtego uko kwenye kukata. Simu ya megapikseli 12 inatoa 4000 kwa 3000, inatosha A4 na chenji inabaki. Lakini mara nyingi picha pekee ambayo mzee ametabasamu ni ya harusi ya binti yake, naye amesimama pembeni ya kundi la watu. Ukishamtoa humo anabaki, tuseme, 600 kwa 800. Hiyo ni inchi 2 kwa pungufu ya 3: inafaa ukurasa wa ndani wenye wasifu, jalada haiwezi. Kata kwanza, hifadhi, ndipo usome pikseli.

Wapo wanaofungua Image Size kwenye Photoshop, wakafuta 72 kwenye Resolution (pikseli kwa inchi) na kuandika 300, wakadhani wamemaliza. Kisanduku cha Resample, kinachoruhusu idadi ya pikseli ibadilishwe, kikiwa hakina tiki, pikseli ni zile zile. Kikiwa na tiki, programu inabuni pikseli za kujazia na ukungu unabaki pale pale. Zile za akili mnemba zinasafisha ajabu, ila zinachora sura upya. Nimemshuhudia mjane akiigeuza karatasi huku na huku, kisha akaniambia, "Dada, huyu si mume wangu."

Afadhali uhangaikie picha yenyewe. Mtafute aliyeipiga, aitume kama dokyumenti. Ikienda kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana. Skrinshoti ya status usiihesabu kabisa. Na kama nyumbani kuna albamu, una bahati: usiipige kwa simu, ilete iskaniwe kwa pikseli 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inakupa pikseli 2400 kwa 3600, karibu A4 nzima. Zile za studio za zamani zinatoka safi kuliko nyingi za simu.

Bango lina hesabu nyingine. La futi 6 kwa 3 lina upana wa inchi 72. Pikseli 4000 zinakupa kama 55 kwa inchi, na likitundikwa juu ya turubai watu wakalitazama kwa mbali, hakuna atakayelalamika. Kama wataliegemea wapige nalo picha, tafuta 100.

Kabla ya kuruhusu nakala zote, dai moja ya jalada kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Itazame nje, juani, siyo chini ya taa ya duka: nyusi, ncha za nywele, kola ya shati. Fundi akigoma kukutolea hiyo moja, chukua flashi yako uhamie mlango wa pili.