Adapta ipi uifungie amplifaya yako ndogo ya muziki

Hizi amplifaya ndogo za bati zenye ukubwa wa kiganja, kitufe kimoja cha sauti mbele na matundu ya waya za spika nyuma, zimejaa kila mahali sasa hivi, Kariakoo unazipata, mtandaoni ndo usiseme, na ukweli ni kwamba nyingi zina chipu nzuri kabisa ndani. Shida iko kwenye kile kiadapta wanachokutupia kwenye boksi. Unafungua unakuta 12V 2A (yaani volti 12, ampea 2), au wakijitahidi 12V 3A, unachomeka, unaweka muziki, sauti ya chini iko poa, ukiongeza kidogo tu besi inaanza kukohoa na sauti za juu zinakwaruza, mtu anasema amplifaya mbovu anaiuza kwa bei ya kutupa. Kumbe ina njaa ya umeme tu.

Sasa kabla hujatoa hela, jua kwanza ndani kuna chipu gani (kile kidude cheusi kinachokuza sauti), maana chipu ndo inakuambia mwisho wa volti ni ngapi na ukizidisha hapo hakuna msamaha. Mara nyingi muuzaji ameandika kwenye maelezo, kama hajaandika fungua mfuniko, ni skrubu nne tu, usome (kuna wakati chipu iko chini ya hitisinki, kile kipande cha chuma cha kupoza, hapo fuata kilichoandikwa kwenye bodi karibu na tundu la umeme). TPA3116D2 ya Texas Instruments ndo utaikuta sana, hiyo inafanya kazi kuanzia volti 4.5 mpaka 26. TPA3255, ile ya kwenye amplifaya zenye nguvu zaidi kama Fosi V3 na Aiyima A07, inataka 18 mpaka 53.5. TDA7498E ni 14 mpaka 36. PAM8610 ni 7 mpaka 15, na ile ndogo kabisa ya PAM8403 haitakiwi kuzidi 5.5, kwa hiyo chaja ya simu ya USB inaitosha, usije ukaiwekea 12 ukategemea muujiza. Halafu angalia na zile kapasita kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme karibu na tundu la umeme, kila moja imeandikwa volti zake ubavuni. Ukikuta imeandikwa 25V, hata kama chipu inakubali 26, mimi ningeishia 19 au 20 nisibishane nayo.

Tukija kwenye volti zenyewe. Nguvu inayofika kwenye spika inabanwa na volti za adapta, na hesabu yake ni rahisi, chukua volti zidisha kwa volti hizo hizo, halafu gawanya kwa omu za spika (kipimo cha ukinzani wake) ukishazizidisha kwa mbili. Spika za omu 8 na adapta ya 12V, 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 16, unapata wati 9 kwa kila upande. Tisa tu, hata kama kwenye boksi wameandika 100W kwa herufi za dhahabu! Adapta ya 19V spika hizo hizo unapata kama wati 22, ya 24V unapata 36. Kwa uhalisia inapungua kidogo maana kuna umeme unapotea njiani, lakini picha ndo hiyo. Ukipita hapo mawimbi yanakatwa vichwa na ndo ule mkwaruzo unaousikia, na ndo unaochoma twita za watu, zile spika ndogo za sauti za juu. Toka wati 9 mpaka 36 sauti haiwi mara nne masikioni, ni desibeli 6, ila zile desibeli 6 ndo ngoma inapigwa bila kujikunja, na hiyo tofauti utaisikia hata usipoongeza volyumu sana.

Spika za omu 4 ni habari nyingine kidogo. Zinavuta mkondo mara mbili, kwa hiyo kwa volti zile zile unapata wati mara mbili na chipu inachemka zaidi. Texas Instruments wenyewe TPA3116 wanaitaja kwa wati 50 kila upande kwenye omu 4 kwa volti 21. Ndo maana kwa mtu mwenye spika za omu 4 na chipu hiyo mimi namwambia abaki 19 au 20, na mwenye za omu 8 ndo aende 24. Omu zimeandikwa nyuma ya spika, geuza uangalie.

Ampea sasa, hapa ndo watu wengi wanaogopa bila sababu. Adapta haisukumi ampea kwa nguvu, amplifaya inavuta inachohitaji, kwa hiyo adapta ya 24V 6A kwenye amplifaya inayohitaji 3A haiunguzi kitu. Kinachounguza ni volti kuzidi au kugeuza chanya na hasi. Chukua wati za pande zote mbili, ongeza kama sehemu moja ya kumi ya kupotea, gawanya kwa volti. Omu 8 kwa 24V ni wati 72 jumla, na kupotea sema 80, gawanya kwa 24 ni ampea 3 na kitu, nunua ya 4 au 5. Muziki wa kawaida hauvuti kiwango hicho muda wote, wastani uko chini sana, ila kila pigo la besi linataka mkondo wake pale pale na adapta dhaifu ndo inapoinama.

Kwa watu wengi jibu zuri kuliko yote ni adapta ya laptopu ya mtumba iliyo orijino. Nasema orijino kwa msisitizo. Dell ya wati 90 ni 19.5V 4.62A, HP ya 65 ni 19.5V 3.33A, Lenovo ya 65 ni 20V 3.25A, na hizi kweli zinatoa kilichoandikwa, zimetengenezwa kulisha kompyuta ya gharama siku nzima. Za Toshiba na Asus za zamani zina raha moja zaidi, pini yake ni ile ya duara ya milimita 5.5 kwa 2.5 (upana wa nje kwa tundu la ndani) ambayo inaingia moja kwa moja kwenye amplifaya nyingi. Angalia tu vizuri, kuna tundu la 2.1 na la 2.5, pini ya 2.1 haiingii kwenye tundu la 2.5, na ya 2.5 kwenye tundu la 2.1 inaingia ila inachezacheza, inakatakata sauti na kuchemka. Za Dell na HP zenye kile kisindano katikati na zile Lenovo za pini bapa utahitaji kigeuzi au fundi akukatie aweke pini nyingine, na akishaweka pima kwa mita kabla hujachomeka, katikati iwe chanya kama mchoro wa kwenye amplifaya unavyosema. Chaja za USB-C usizikate hata siku moja, zenyewe zinatoa 5V mpaka ziombwe zaidi, ukitaka kuzitumia nunua ile bodi ndogo ya umeme inayoiomba chaja 20V, na chaja yenyewe iwe na uwezo wa kuanzia wati 60.

Ogopa zile adapta mpya zisizo na jina zimeandikwa 24V 10A halafu ni nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili. 24 mara 10 ni wati 240, adapta ya kweli ya wati hizo ni tofali, hata ya wati 120 tu ina uzito wa chaja ya laptopu ya gemu. Kama tayari unayo ipime hivi: chukua mita, hata ile ya njano ya kawaida, iweke DCV 200 (upande wa kupima volti za DC), fungua amplifaya uguse miguu ya kapasita kubwa ya umeme, pini nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi (taratibu, usije ukaunganisha miguu yote miwili kwa pini moja). Soma ikiwa kimya, sema 24.1. Sasa weka wimbo wenye besi nzito upandishe mpaka pale unaposikilizaga ukiwa na wageni, uendelee kuangalia. Ikicheza kwenye 23 na pointi huko adapta iko vizuri. Ikiwa kila ngoma inapopiga namba inaanguka 21, 20, inarudi, hiyo adapta haina kitu, au waya wake ni mwembamba mno. Na ikizima ikawaka ikazima, inajikinga maana mzigo umeizidi.

Kama unataka volti 24, 36 au 48 za uhakika kuna zile pawa saplai za bati lenye matundu, Mean Well ndo jina kubwa. LRS-150-24 kwa mfano ni ampea 6.5, inatosha kabisa TPA3116. Vitu vitatu ushike. Ubavuni ina swichi ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka maana ikiwa 115 kwa umeme wetu inalipuka papo hapo. Ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti inayoweza kupanda mpaka 28.8, kwa hiyo pima kwanza ndo uunge amplifaya. Na terminali zake za umeme mkubwa ziko wazi, ile siyo ya kuacha sakafuni watoto wanapita, iweke kwenye boksi, tumia waya wa nyaya tatu na ethi (ule wa ardhini) uifunge kwenye bati. LRS-350 ina feni ndani, chumbani usiku utaisikia.

Kuvuma je? Hapa watu wananunua adapta tatu nne bila kupona kwa sababu kosa siyo la adapta. Ukisikia mvumo unaanza ukichomeka waya wa kutoka kwenye kompyuta au TV, chomoa chaja ya laptopu uache itumie betri. Mvumo ukiisha, ni ethi mbili zinazunguka, moja kupitia chaja ile na nyingine kupitia adapta yako ya pini tatu. Dawa ni adapta ya pini mbili upande wa amplifaya, au kile kitransfoma kidogo cha kukata ethi kwenye waya wa sauti, au tumia Bluetooth. Usikate pini ya ethi kwenye plagi, tafadhali. Adapta ya pini mbili nayo inaweza kukufanya ukigusa bati la amplifaya usikie kidole kinatekenywa, huo ni mkondo mdogo sana unaovuja, ikiwa ni shoti ya kukurusha hiyo ni mbovu, itupe. Ule mchirizo wa “sssss” usipoweka wimbo haupungui kwa kubadili adapta, huo unatoka kwenye amplifaya yenyewe.

Kuna wanaoshauri transfoma kubwa ya duara na kapasita za kutosha. Inapendeza na inadumu, ila kwa chipu hizi mimi siioni faida yake kwetu. Umeme ukishuka jioni mpaka 180 volti za transfoma zinashuka nazo, wakati adapta iliyoandikwa 100-240V haijali. Na transfoma ya 18V AC ukiipitisha kwenye dayodi inatoa kama 24 ikiwa na mzigo, bila mzigo na umeme ukiwa juu inaweza kugonga 28 au 29, hapo TPA3116 imeshapita mwisho wake.

Wenye sola mko karibu na umeme safi kuliko wote, betri haivumi kabisa. Betri moja ya 12V inaipa amplifaya wati zile 9 kwenye omu 8, hapo tumia bodi ya kupandisha volti mpaka 19 ya ampea za kutosha. Betri mbili kwa mfululizo zinasoma kama 25 zikiwa zimejaa, na jua likiwaka kontrola ya sola ikiwa inachaji zinafika 28 na zaidi, kwa hiyo usiiunge TPA3116 moja kwa moja, pitisha kwenye bodi ya kushusha uiweke 20. Na fyuzi ya ampea 10 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri.